Orodha ya makala isomwe, isihesabiwe tu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na viongozi wa vilabu, walimu wa michezo na wazazi wa Tanga. Akija mtaalamu wa tiba ya michezo na wasifu wenye makala 90 za kisayansi, akaomba kupima jeni (vinasaba) za vijana, wengi wetu tunaangalia ile 90 na kumpa nafasi. Idadi peke yake haitoshi. Orodha hiyo inasomeka, hata kwa asiyewahi kuingia maabara.

Angalieni kwanza jina lake limekaa wapi. Katika biolojia ya molekuli, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya kazi kwa mikono yake, na wa mwisho ndiye mkuu wa maabara aliyetafuta fedha na kusimamia. Walio katikati wanatofautiana mno: yumo aliyechambua takwimu miezi sita, na yumo aliyetoa sampuli tu. Kukaa katikati si aibu. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyofanyika Bagamoyo na Korogwe yalikuwa kazi ya watu wengi sana. Lakini mtu mwenye makala 90 ambaye hakuna hata moja aliyotangulia au kufunga, aulizwe yeye hasa alifanya nini. Majarida mengi huweka mwishoni aya fupi ya mchango wa kila mwandishi: nani alibuni, nani alitoa damu, nani aliandika. Jibu limo humo.

Majina yetu nayo yanaleta shida. Ukitafuta "Ali M" kwenye PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, utapata kazi za watu chungu nzima wasiojuana. Na mtu mmoja anaweza kuandika kwa jina la baba mwaka huu, la babu mwaka ujao. Ndiyo maana tangu 2012 kuna namba ya ORCID yenye tarakimu 16, ya mtu mmoja tu. Mwombeni. Ila kumbukeni kwamba orodha iliyo chini ya namba hiyo huijaza mwenyewe, kwa hiyo fungueni makala tano au sita mhakikishe ni zake.

Mkishafungua, tazameni aina. Utafiti wenye vipimo, mapitio ya kazi za wengine, ripoti ya mgonjwa mmoja, muhtasari wa mkutano na barua ya aya tatu, vyote huhesabiwa "moja". Fahirisi ya h, kipimo cha jinsi makala za mtu zinavyotajwa, iliyopendekezwa na Jorge Hirsch mwaka 2005, nayo ina mipaka yake: h ya 10 maana yake makala 10 zimetajwa angalau mara 10 kila moja. Haisemi zilitajwa kwa kusifiwa au kwa kupingwa, wala kama mwandishi amejitaja mwenyewe.

Sasa nije kwenye jeni, kwani hapo ndipo vijana wetu wanapoweza kuumizwa. Jeni inayotajwa mno ni ACTN3, inayotengeneza protini ya nyuzi za misuli zenye kasi. Mwaka 2003 watafiti wa Australia walilinganisha wanamichezo 429 wa ngazi ya juu na watu 436 wa kawaida, wote wenye asili ya Ulaya. Watu wasio na protini hiyo kabisa walikuwa asilimia 18 kwa watu wa kawaida, na asilimia 6 kwa wanamichezo 107 wa mbio fupi na nguvu. Ni kazi nzuri. Lakini ilipofika zamu ya Afrika, utafiti wa 2007 ulionyesha kwamba Kenya na Nigeria hali hiyo ni adimu sana, tofauti na Ethiopia, na haukuona uhusiano wake na umahiri wa wakimbiaji wa mbio ndefu wa Afrika Mashariki. Chukua kikosi cha vijana 25 wa hapa: huenda asipatikane hata mmoja asiye na protini ile. Karibu wote watapata jibu lilelile, na kocha hatakuwa na cha kuchagulia. Mwaka 2015 jopo la wataalamu liliandika katika British Journal of Sports Medicine kwamba vipimo vya jeni vinavyouzwa moja kwa moja kwa watu havifai kuchagulia vipaji, na kwamba mtoto asipimwe kwa ajili hiyo. Makala ya mtaalamu wenu isiyotaja mjadala huu imeruka jambo kubwa.

Soma pia sehemu ya njia za utafiti. Walipimwa wangapi? Wachezaji 30 waliogawanywa makundi matatu ni 10 kwa kundi; hapo bahati tu yaweza kutoa matokeo ya kuvutia, na ndiyo sababu lazima watafiti wengine warudie kazi hiyo. Je, kwenye PCR, njia ya kunakili DNA ili ipimike, waliweka tyubu yenye maji badala ya DNA? Tyubu hiyo ikitoa alama, kuna uchafu, na majibu ya siku ile hayaaminiki. Kwenye makala za protini angalieni picha za mikanda, yaani mistari inayoonyesha protini. Elisabeth Bik na wenzake walikagua makala 20,621, wakakuta asilimia 3.8 zina picha zilizojirudia isivyofaa. Makala iliyofutwa, PubMed huweka tangazo juu ya ukurasa wake. Msitegemee mwenye wasifu aiseme.

Kuhusu jarida, tazameni tarehe mbili: kupokelewa na kukubaliwa. Ukaguzi wa wanataaluma huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Makala iliyopokelewa Jumatatu na kukubaliwa Alhamisi, baada ya ada kulipwa, yaelekea haikusomwa na mkaguzi. Na kuonekana kwenye PubMed si hati ya ubora, kwani humo huingia pia makala ambazo majarida yake hayamo katika MEDLINE, orodha ya majarida yaliyochujwa.

Kisha, kabla ya mate au damu ya kijana yeyote kuchukuliwa kwa utafiti, dai barua ya kibali cha maadili cha kitaifa kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), yenye namba na tarehe, pamoja na fomu ya ridhaa ya mzazi iliyoandikwa kwa Kiswahili. Sampuli zikipelekwa nje ya nchi, uliza mkataba wa kuhamisha sampuli uko wapi, na zitateketezwa lini. NIMR ina kituo hapa hapa Tanga; namba ya kibali ikileta mashaka, pelekeni nakala ya barua wakaitazame.

Mwanamaabara,
Chumbageni, Tanga