Podikasti yangu haina kipato chake: je, gharama zake ni za biashara?

Ndugu Mshauri,

Ninaendesha karakana ndogo ya kukarabati fanicha za mbao, nikisaidiwa na kijana mmoja ambaye huja kazi zinapozidi. Mwaka juzi nilianza kurekodi podikasti inayoeleza namna ya kutunza mbao, kutambua dalili za wadudu kabla hawajaitoboa, na kupima kama kiti kibovu kinastahili kukarabatiwa au kimekwisha kabisa. Vipindi hivyo husikilizwa bure na havina mdhamini, lakini wateja wengi wapya wanaonipigia simu husema kwamba huko ndiko waliponisikia kwa mara ya kwanza. Sasa wakati wa kuandaa ritani ya kodi umefika, na mhasibu wangu ameziweka kando gharama zote za podikasti ili zisipunguzwe kwenye mapato yanayotozwa kodi, akisema kwamba kazi isiyoingiza kipato si biashara bali ni burudani yangu binafsi.

Mhasibu huyu ninamheshimu, kwani ndiye aliyenifundisha kutunza risiti. Hata hivyo, katika hili sijaridhika. Bango la karakana nalo halijawahi kuingiza kipato chake lenyewe, na gharama ya kulichora aliikubali bila swali kuwa ni ya matangazo. Kwa nini basi sauti yangu ikataliwe, ilhali inafanya kazi ileile? Nimesoma kwamba sheria ya Marekani huuliza kama gharama ni ya kawaida na ya lazima kwa biashara husika, na kwamba ya Uingereza huuliza kama ilitumika kwa ajili ya biashara peke yake. Sioni katika vipimo hivyo viwili sharti kwamba kila gharama ionyeshe mauzo yake. Ni kweli kwamba Marekani, shughuli iliyopata faida katika miaka 3 kati ya 5 huchukuliwa kuwa inaendeshwa kwa nia ya faida hadi ithibitishwe vinginevyo, na podikasti yangu ikisimama peke yake haitafika hapo kamwe. Ndiyo maana swali langu kubwa ni hili: je, ihesabiwe kuwa shughuli inayojitegemea, au ni sehemu ya matangazo ya karakana, ambayo hupata faida kila mwaka?

Sitaki kukwepa kodi, na yapo mambo ambayo nimeyaondoa mwenyewe. Hurekodi usiku katika chumba ninacholala, na kwa kuwa chumba cha nyumbani kinachodaiwa kuwa ofisi hutakiwa, kwa sheria ya Marekani, kitumike mara kwa mara na kwa kazi hiyo tu, sikuona haki ya kudai sehemu yoyote ya pango la nyumba. Shati nililonunua kwa ajili ya picha ya podikasti nalo nimeliacha, baada ya kusoma habari za wakili Ann Mallalieu, ambaye mwaka 1983 alishindwa mbele ya Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya rufaa, alipodai gharama za nguo nyeusi alizovaa mahakamani, kwa sababu nguo hizo zilimsitiri na kumpa joto pia kama binadamu yeyote.

Vilivyobaki ni maikrofoni, ambayo haina kazi nyingine, ada ya kila mwezi ya kuhifadhi vipindi mtandaoni, malipo ya anayenihariria sauti, na kompyuta ambayo watoto wangu huitumia kwa masomo. Ninaelewa kwamba ada na malipo hayo ni gharama za mwaka husika, na kwamba kifaa cha kudumu kwa kawaida hupunguzwa thamani kidogo kidogo kwa uchakavu. Kwa kompyuta na intaneti, niliandika daftarini kwa mwezi mzima saa za kazi na saa za nyumbani. Je, daftari la mwezi mmoja linatosha kugawa gharama za mwaka, au mkaguzi atataka zaidi?

Lipo jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Mtengenezaji mmoja wa gundi aliniletea makopo kadhaa ili niitaje gundi yake kipindini, nami nikaitaja. Mhasibu anashauri tulinyamazie kwa kuwa sikupokea fedha. Mimi ninaamini kwamba bidhaa iliyopokewa kama malipo ya kazi ni mapato kwa thamani yake ya sokoni, na ninataka kuyaandika makopo hayo kwenye ritani. Tena nikiyaandika, je, hayatakuwa ushahidi kwamba podikasti si burudani?

Ninaomba unieleze pia ni ushahidi gani unaounganisha podikasti na karakana kwa namna inayokubalika. Tangu miezi 4 iliyopita ninamuuliza kila mteja mpya alikonisikia na kuandika jibu lake nyuma ya nakala ya ankara, lakini kwa miezi ya nyuma sina kitu ila kumbukumbu. Ritani bado sijaitia saini, na sitaitia hadi nisome jibu lako.

Wako katika kazi,
Fundi wa fanicha