Harambee ya Barafu: Tuwaingize Watoto Wetu 14 Klabuni

Wakubwa zetu, shikamooni. Wenzetu, poleni na kazi za wiki.

Tunaomba dola 6,400 kabla ya tarehe 30 Juni, ili watoto wetu 14 waingie klabu ya kuteleza kwenye barafu. Tumelitaja jambo hili mbele kabisa ili mwenye haraka ashike simu yake atume alichojaliwa, na mwenye nafasi akae nasi kidogo tumweleze pesa hizo zinakwenda wapi, na kwa nini tarehe hiyo.

Umoja wetu wa wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Minneapolis na vitongoji vyake vya kaskazini una watoto 14 waliojifunza kuteleza kwenye barafu. Wazazi wao wametoka Moshi, Kisumu, Bukavu, Bujumbura. Wao wenyewe wengi wamezaliwa hapa, na theluji kwao ni kitu cha kawaida kama vumbi lilivyokuwa kwetu. Walianzia darasa la Jumamosi la mpango wa Learn to Skate USA, kwenye uwanja wa barafu wa manispaa. Wadogo kabisa huanza na ngazi nne zinazoitwa Snowplow Sam, ambazo kwanza humfundisha mtoto kuanguka na kuinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Waliozidi umri huo wana ngazi sita za msingi: kwenda mbele, kurudi nyuma, kusimama, kugeuka kwa mguu mmoja, kuzunguka papo hapo, na miruko midogo ya mwanzo. Watoto wetu wote 14 wamezimaliza. Mwalimu wao ametuambia wazi kwamba darasa limewaishia, sasa waende klabuni.

Hapo ndipo tulipokwama, na hapo ndipo tunapowahitaji.

Klabu ya mchezo huu, yaani figure skating, ule wa kuruka na kuzunguka kwenye barafu, haina barafu yake. Inakodi saa kutoka kwa uwanja, na kwa bei za huku saa moja ya barafu inapita dola 200 kirahisi. Hakuna familia kati yetu inayoweza kukodi hiyo peke yake. Klabu inakodi msimu mzima, inagawa saa hizo kwa wanachama wake, inaleta makocha, inaandaa siku za mitihani, na majira ya kuchipua inaandaa onyesho ambalo kila mtoto anatokea mbele ya watu. Tena, mitihani na mashindano ya kweli yako chini ya U.S. Figure Skating, shirikisho la mchezo huu la Marekani lililoanzishwa mwaka 1921, na mtoto anayeshindana hutangazwa kwa jina lake na jina la klabu yake. Sauti inatoka kwenye spika, uwanja mzima unasikia: fulani, wa klabu fulani. Wazazi waliowahi kwenda kutazama mashindano wanajua tunachosema.

Tumeulizwa, tena na watu wazito tunaowaheshimu, kwa nini watoto wasilipe tu mlangoni saa za watu wote wateleze warudi nyumbani. Wanalipa, na wanateleza. Lakini saa hizo watu wote wanazunguka upande mmoja, wapenzi wameshikana mikono, watoto wadogo wanasukuma vigari vya kujishikilia, na kuruka au kuzunguka katikati ya msongamano ule hakuruhusiwi, na ni haki kusiruhusiwe. Wengine wametukumbusha viwanja vya bure vya nje ambavyo jiji hugandisha kwenye bustani zake kila Desemba, vyenye vibanda vya kuotea moto. Tunavipenda, tunavitumia. Ila mnakumbuka majira ya baridi ya 2023 hadi 2024, yaliyokuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika eneo hili la Minneapolis na Saint Paul? Viwanja vya nje vilifungwa mapema, barafu ikawa matope. Huwezi kumwandaa mtoto kwa mtihani juu ya barafu inayotegemea huruma ya hali ya hewa.

Kuna mtu mmoja tunataka mumjue, maana habari yake ndiyo iliyotufanya tuombe pesa za uanachama badala ya kuomba viatu peke yake. Jina lake Mabel Fairbanks. Alikuwa binti mweusi, yatima, aliyezaliwa Florida akakulia New York miaka ya 1920 na 1930. Alinunua viatu vya barafu vilivyokwisha kutumika, vikubwa kuliko miguu yake, akavijaza pamba. Uwanjani walimzuia mlangoni kwa sababu ya rangi yake, akawa anarudi, anarudi, mpaka meneja akachoka akamwingiza. Alikuwa hodari kiasi kwamba Maribel Vinson Owen, bingwa wa Marekani mara tisa, alimfundisha bila malipo. Barafu aliipata, kocha alimpata, kipaji alikuwa nacho. Klabu ndiyo hakuipata. Hakuna klabu iliyokubali kumwandika, na bila klabu hakukuwa na mtihani, bila mtihani hakukuwa na mashindano, na Olimpiki akaitazama kama mimi na wewe tunavyoitazama.

Aliishia kufanya maonyesho, kisha akahamia Los Angeles akawa kocha. Huko alipata mwanafunzi, kijana mweusi aitwaye Atoy Wilson, akasumbuana na wakubwa wa klabu mpaka kijana akaandikwa mwaka 1965. Mwaka uliofuata Wilson akawa bingwa wa taifa wa ngazi ya novice, iliyo chini ya ngazi za junior na senior, mweusi wa kwanza kushika ubingwa wa taifa wa mchezo huu. Mwaka mmoja tu baada ya kuandikwa! Na Mabel naye alikuja kuingizwa kwenye orodha ya heshima ya shirikisho mwaka 1997, akiwa bibi.

Leo hakuna anayewafukuza watoto wetu mlangoni. Klabu imetualika kwa moyo mweupe, na wameshatuuliza mara mbili kama kuna chochote wanachoweza kufanya. Kinachotuzuia ni ada, na ada ni kizuizi kidogo kuliko kile cha Mabel. Kwa hiyo tusikiache kitushinde.

Sasa hesabu. Uanachama wa klabu pamoja na wa shirikisho ni dola 175 kwa mtoto, yaani dola 2,450 kwa wote. Mwaka wa shirikisho huanza tarehe 1 Julai, ndiyo sababu ya tarehe yetu. Saa za barafu na kocha wa kikundi kwa msimu wa vuli ni dola 300 kwa mtoto, jumla dola 4,200. Viatu kwa watoto 9 ambao bado wanakodi vya uwanjani ni dola 180 kila jozi, vya mitumba lakini vizima, jumla dola 1,620. Yote pamoja dola 8,270. Wazazi wenyewe wameshatoa dola 1,870, wengine kutoka kwenye malipo ya zamu za usiku katika nyumba za wazee, na hatutaki mtu afikiri kwamba tunakuja kwenu mikono ikiwa mitupu. Zimebaki 6,400.

Kuhusu viatu tuseme kidogo, maana hapa watu wema wanatuchanganya. Minnesota ni nchi ya hoki. Kila gereji ina viatu vya hoki, na kila mara tukitaja barafu mtu anatuletea mfuko mzima. Asanteni, ila tafadhali msituletee tena. Chuma cha kiatu cha hoki ni kifupi, kimepinda mbele na nyuma, hakina meno. Cha mchezo wetu ni kirefu zaidi, na kwenye ncha ya mbele kina meno ambayo mtoto huyachoma kwenye barafu anaporuka. Tena chini ya chuma kuna mfereji, hivyo kila kiatu kina makali mawili, la ndani na la nje, na karibu kila kitu ambacho kocha anafundisha ni kuegemea kali lipi na kwa wakati gani. Viatu vya plastiki vya dukani vinalegea kifundoni, mtoto anasimama miguu imepinda kwa ndani, halafu tunasema hana kipaji. Mruko unaoitwa Axel, kwa jina la Axel Paulsen wa Norwei aliyeufanya mwaka 1882, mtoto huruka akiangalia mbele akatua akirudi nyuma, kwa hiyo una nusu mzunguko zaidi ya mingine. Wawili kati ya wasichana wetu wameanza kuujaribu kwa viatu vya kukodi. Sisi tukiwatazama tunafumba macho.

Viatu tutakavyonunua vitakuwa mali ya umoja. Mguu ukikua, viatu vinarudi kwenye sanduku, vinanolewa, vinakwenda kwa mwingine.

Kuna baba mmoja alisimama kwenye mkutano akauliza: watoto wetu na barafu, wapi na wapi? Watu walicheka, lakini lilikuwa swali la haki na linastahili jibu. Nairobi yenyewe ina barafu ya ndani tangu mwaka 2005, kwenye hoteli ya Panari, Mombasa Road, na vijana wa Kenya wanacheza hoki pale. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998, Philip Boit wa Kenya alipomaliza wa mwisho mbio za ski za kilomita 10 kwenye theluji, bingwa Bjørn Dæhlie alimngoja mstarini akamkumbatia, na Waafrika wengi tuliozaliwa kabla ya hapo tunaikumbuka picha ile. Kwenye michezo hiyohiyo Surya Bonaly wa Ufaransa, binti mweusi, alipindua mwili kinyumenyume hewani akatua kwa mguu mmoja, mbele ya majaji, huku akijua mruko huo umepigwa marufuku. Marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 2024. Na miaka 10 kabla ya Nagano, Debi Thomas wa Marekani alikuwa amepata shaba ya Olimpiki kule Calgary, mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi. Sasa nani anaweza kusema barafu si ya kwetu?

Mama zetu Waislamu nao wameuliza kuhusu mavazi. Wasichana wanaruhusiwa kushindana wakiwa na suruali tangu mwaka 2004. Gauni fupi halilazimishwi. Na kuna Zahra Lari wa Abu Dhabi, aliyeshindana Italia mwaka 2012 akiwa na hijabu, akakatwa alama kwa ajili ya vazi, lakini baadaye hijabu ikakubaliwa. Kwa hiyo mlango uko wazi. Soksi ndefu za rangi ya ngozi zinazouzwa madukani, hizo ni za ngozi ya watu wengine. Kina mama wawili wa umoja wetu wanazichovya kwenye chai kali mpaka zikubali, na wako tayari kuwafundisha wengine. Kofia ngumu za kuzuia kichwa kuumia nazo, chagueni zenye kulegezwa nyuma, vinginevyo haziingii juu ya rasta wala mabutu.

Mtoto akiandikwa klabuni, mzazi naye ameandikwa. Tunalisema mapema ili pasiwe na manung'uniko Oktoba. Kila familia inadaiwa saa za kujitolea: kupiga muziki wakati wa mazoezi, kukata tiketi za onyesho, kushona, kupanga watoto nyuma ya pazia. Wanaokaa na watoto mara kwa mara hufanya mafunzo ya SafeSport ya kuwalinda dhidi ya unyanyasaji, na huchunguzwa rekodi zao. Hilo tumelipokea kwa furaha, na tungependa kila kundi linalolea watoto wetu, pamoja na letu, lifanye hivyohivyo. Ila tujitahidi tusiwe wale wanaoshusha mtoto mlangoni na kuondoka. Kwenye klabu, watu wanafahamiana kwenye benchi lile la baridi wakiwa na chupa ya chai mkononi. Pelekeni chai yetu yenye tangawizi, mtaona wenyewe.

Mtunza hazina anapokea mchango wa taslimu, hundi, au Zelle, na kila anayetoa anapewa risiti. Pesa hazitoki bila sahihi mbili. Orodha ya mapato na matumizi itasomwa kwenye mkutano wa kila mwezi, senti kwa senti. Dola 175 zinamwandika mtoto mmoja. Dola 180 zinamvika viatu. Dola 20 zinapokelewa kwa heshima ileile, na ahadi za kulipa kidogokidogo hadi Juni zinaandikwa. Tukizidisha, ziada itakaa kwa ajili ya msimu wa masika na haitaguswa kwa jambo lingine.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya kwanza ya Juni, kuanzia saa nane mchana, kwenye ukumbi tunaokutania siku zote. Kuna pilau, mishikaki, pondu na samaki kwa ndugu zetu wa Kongo, na mnada wa vitenge na keki. Watoto wataonyesha video ya mazoezi yao. Wameihariri wenyewe, na wametuomba tusiwaelekeze chochote.

Na tunaomba kitu kimoja kisicho pesa. Mazoezi ya klabu huanza kabla ya shule, wakati nusu ya wazazi wetu ndio wanatoka zamu na nusu ndio wanaingia. Tunahitaji madereva 5 wenye magari ya viti saba, wenye leseni na bima hai, walio tayari kuchunguzwa rekodi, wa kubadilishana asubuhi za Jumanne na Alhamisi kuanzia Septemba. Karatasi ya majina iko kwa katibu, na mpaka sasa ina majina mawili.