Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kibali cha mbio za magari kisiishie kwenye muhuri

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma

YAH: MASHARTI YA KUFUNGA BARABARA WAKATI WA MBIO ZA MAGARI

Mheshimiwa,

Tunakuandikia sisi tunaosimamia vituo vya kupimia muda, tunaokagua magari, tunaosoma ramani na tunaofunga spana kwenye mbio za magari. Ombi letu ni moja. Ofisi yako isitoe kibali cha mbio mkoani Dodoma mpaka mwandaaji aonyeshe, kilomita kwa kilomita, nani atasimama wapi na barabara itafungwa saa ngapi. Na hatua, yaani kipande cha barabara kinachofungwa ili magari yashindane kwa muda, ambayo wasimamizi wake hawajafika ifutwe asubuhi hiyo hiyo, hata kama mgeni rasmi ameshaketi jukwaani.

Hatuupingi mchezo huu. Tunautaka Dodoma, na tunautaka uwe mkubwa. Mbio za Safari Rally za mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 ushindi wa mbio hizo ulikwenda kwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Ardhi ya hapa inafaa kabisa: changarawe ngumu, njia ndefu zilizonyooka zinazoishia ghafla kwenye kona, makorongo makavu kwa miezi mingi, vumbi jekundu. Na sasa kwa treni ya SGR mtazamaji wa Dar es Salaam au Morogoro anafika bila shida. Watu watakuja wengi, na ndiyo maana tunaandika mapema.

Wengi hudhani hatari iko Jumapili, siku ya mwisho. Kwa mwanakijiji hatari inaanza Alhamisi, siku ya kukagua njia, kwa sababu siku hiyo barabara iko wazi. Dereva na msoma ramani wake hupita kila hatua mara mbili kwa gari la kawaida wakiandika noti, namba ikionyesha ukali wa kona: kulia tatu, mita 80, kushoto tano inabana, usikate, jiwe ndani. Dereva anaangalia kona, mwenzake anaangalia daftari, na mbele yao kuna mwanafunzi, bodaboda na mbuzi. Hapo ndipo tunaomba mkono wako. Ukaguzi wa njia ufanyike kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana tu, watoto wakiwa darasani. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na mbele ya shule, zahanati na kisima uwe 30. Kila gari libandikwe namba kioo cha mbele, libebe kifaa cha kurekodi mwendo, na kadi yake igongwe muhuri mwanzo na mwisho wa hatua ili ijulikane limepita mara ngapi. Wapo wanaorudi usiku kupita mara ya tatu na ya nne. Mtendaji wa kijiji akipewa orodha ya namba na simu ya mkurugenzi wa mbio, wizi huo unakwisha, maana gari geni likipita saa 4 usiku kijiji kizima kinajua.

Ukaguzi wa magari wa Ijumaa hatutakuchosha nao. Wakaguzi wetu wanajua cha kutazama: fremu ya chuma ndani ya gari, viti na mikanda ambayo muda wake haujaisha, helmeti, mitungi ya kuzimia moto, swichi ya kukata umeme, kikata mkanda, pembetatu za kuakisi, na kibao cha kuwaonyesha wanaokuja nyuma gari likikwama, chenye OK upande mmoja na SOS upande wa pili. Gari lenye kasoro halianzi. Jambo hili mchezo unalimudu wenyewe.

Ambacho hatukimudu wenyewe ni barabara. Mwandaaji ana magari na saa, lakini hana mamlaka juu ya njia ya kijiji. Mamlaka hayo yako kwako, kwa wakuu wa wilaya, kwa polisi, na kwa wakala wa barabara, TARURA (za vijijini na mijini) au TANROADS (kuu na za mikoa), kulingana na barabara. Chukua hatua ya kilomita 20 ambayo gari la kwanza linaondoka saa 4:00 asubuhi. Barabara inapaswa kufungwa saa 2:00. Kisha yanatangulia magari ya waandaaji yenye namba 000, 00 na 0. Saa 3:00 linapita la sifuri tatu, taratibu, likihakikisha kila msimamizi yuko mahali pake. Saa 3:30 sifuri mbili, likisogeza watazamaji. Kama dakika 10 au 15 kabla ya mshindani wa kwanza linapita sifuri moja, kwa mwendo wa karibu na mbio, taa na king'ora vikiwaka, ili asiyesikia tangazo asikie gari. Yakiwa magari 25 yanayoachana dakika 2, la mwisho linaondoka saa 4:48. Kwa wastani wa kilomita 90 kwa saa linatumia dakika 13 na kidogo, kwa hiyo linamaliza saa 5 na dakika chache. Kisha linapita gari la waandaaji la kufagia njia, kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma, na barabara inafunguliwa kama saa 5:30. Hizo ni saa tatu na nusu, Mheshimiwa. Kijiji kikiambiwa "barabara itafungwa kidogo", kufikia saa 4 kasoro mtu ana mgonjwa wake, mwingine ana maziwa yake, na uvumilivu umekwisha. Waambieni saa kamili, na waambieni mapema.

Mifugo nayo ina saa zake. Baada ya mavuno ng'ombe huachiwa mabua mashambani hadi ukingo wa barabara, na mchana hushuka lambo. Hatua ikirudiwa saa 8, liachwe dirisha la nusu saa kati ya mizunguko miwili mifugo ivuke, likisimamiwa na mtu anayeijua njia yao. Mchungaji mwenyewe alipwe posho ya siku awe msimamizi wa kivuko hicho. Ng'ombe wanamsikiliza yeye, hawamsikilizi askari. Siku ya mnada isipangwe hatua yoyote kwenye barabara ya kuelekea mnadani, na siku za ibada hatua zipangwe kwa kuongea kwanza na masheikh na wachungaji wa makanisa ya njia ile.

Sasa hesabu ya watu, ambayo ndiyo kipimo cha mwandaaji makini. Njia ipitwe kwa miguu na kila upenyo uandikwe na kilomita yake: vichochoro vya nyumba, njia za bodaboda, mapito ya ng'ombe, njia panda za gari. Tuseme kwenye hatua ile ya kilomita 20 umepata vichochoro 14, njia za bodaboda 6 na njia panda 2. Kichochoro mtu mmoja, njia ya bodaboda wawili, njia panda wawili na askari. Hao ni 32. Vituo vya redio visiachane zaidi ya kilomita 5, hivyo viko vitatu njiani, vyenye watu wawili wawili: 6. Kuanzia na kumalizia, sita sita: 12. Jumla 50, na hapo hujagusa maeneo ya watazamaji. Mwandaaji anayekuletea orodha ya vijana 15 kwa hatua ya namna hii hajaipita njia kwa miguu. Mrudishie karatasi zake.

Bodaboda ndio wagumu. Utepe hauwazuii, na njia ya pembeni iliyosahauliwa wanaijua wao. Viongozi wa vijiwe vyao waitwe kwenye kikao cha kwanza kabisa, wapewe ramani, na baadhi yao wapewe vizibao na posho.

Simu za mkononi zisitegemewe. Kwenye mabonde mtandao unakatika, na panapojaa watu unaelemewa. Zinahitajika redio za mawasiliano zenye masafa yaliyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kirushi kilimani pale vilima vinapokata mawimbi. Kazi ya redio ni ya kuchosha lakini ndiyo inayookoa: kila kituo kinaweka alama kila gari linapopita. Gari namba 9 likipita kilomita 5 na lisionekane kilomita 10 ndani ya muda wake, kituo kinauliza wafuatao waliona nini. Kama waliona OK, sawa. Kama ni SOS, au hakuna kibao kabisa, magari yaliyobaki yanazuiwa kuanza na bendera nyekundu inanyanyuliwa. Pembetatu iwekwe angalau mita 50 kabla ya gari lililokwama, la sivyo anayekuja nyuma ndani ya vumbi analigonga.

Vumbi lenyewe linastahili sharti lake. Kwenye changarawe kavu, asubuhi isiyo na upepo, vumbi la gari moja linaning'inia njiani dakika nzima na zaidi. Anayefuata baada ya dakika 1 anaendesha bila kuona. Nafasi iwe dakika 2, na palipo na miti pande zote mbili iwe 3. Hii inarefusha muda wa kufunga barabara, nasi tunajua litakuletea malalamiko. Tunaomba uyabebe. Na hatua ya mwisho iwe imekwisha saa 10:30 jioni, kwa sababu barabara inayoelekea magharibi humpiga dereva jua la macho kweupe, na kwa sababu majeruhi wa saa 12 jioni anatafutwa na kusafirishwa gizani.

Watazamaji. Hapa tunaomba usome taratibu. Gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa linakwenda mita 28 kwa sekunde moja. Unapoligundua linakujia huna muda wa kugeuka. Likipoteza mshiko kwenye kona, linatoka upande wa nje, na upande wa nje ndiko watu wanakopenda kusimama kwa sababu ndiko picha inakotoka vizuri. Kuna jambo la pili ambalo hata waandaaji wazoefu hulisahau. Mzunguko wa asubuhi magari hufagia changarawe laini kutoka kwenye mstari wao na kuirundika nje ya kona kama tuta dogo. Mchana, gari linalopanuka nusu mita tu linaingia kwenye tuta lile, tairi linaelea, na gari linavutwa nje zaidi. Wanaokata kona kwa ndani nao hufukua mawe na kuyatupa njiani. Kwa hiyo mahali palipokuwa salama saa 4 si lazima pawe salama saa 9. Maeneo ya watazamaji yakaguliwe upya kati ya mizunguko.

Watu wakae ndani ya kona na mbali, au juu ya kingo iliyoinuka angalau mita 2 au 3 juu ya barabara. Wasikae nje ya kona, wala mwisho wa mstari ulionyooka, wala baada ya nundu au drifti (kivuko cha zege korongoni) ambako gari huruka na kutua bila usukani. Utepe unaonyesha mpaka tu, hausimamishi gari. Mwaka 1986 nchini Ureno gari liliingia kwenye umati uliokuwa umeibana barabara, watazamaji watatu wakafa na zaidi ya thelathini wakaumia. Mwaka 2014, Jim Clark Rally huko Scotland, watazamaji watatu wakafa tena, kwenye nchi yenye kila aina ya kanuni. Ndiyo maana msimamizi wa hatua lazima awe na uwezo wa kuifuta bila kumpigia mtu simu ya kuomba ruhusa, na awe na barua yako mfukoni inayosema hivyo.

Kila hatua iwe na daktari, gari la uokoaji na magari mawili ya wagonjwa mwanzoni, kwa sababu moja likiondoka na majeruhi na hakuna la pili, mbio zinasimama. Hatua inayozidi kilomita 15 iwe na kituo cha tiba katikati. Muda wa kufika Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa upimwe kwa kuendesha gari lenyewe la wagonjwa kutoka mwisho wa hatua, kwenye barabara ile ile ya vumbi. Ramani itakudanganya.

Kwa kambi ya mafundi tunapendekeza viwanja vya Nanenane Nzuguni: vina nafasi, na viko nje ya katikati ya jiji. Basi tarehe zisigongane na maonyesho ya mwanzoni mwa Agosti. Kila gari litandikiwe turubai zito chini kabla fundi hajagusa kitu, maana katika dakika 30 hadi 45 hufunguliwa shokapu, shafti, breki na bamba la chini, na oili humwagika. Petroli iwekwe eneo lake peke yake, injini imezimwa, Zimamoto wakiwa tayari. Kuanzia Desemba hadi Aprili tunashauri usitoe kibali kabisa kwa njia zinazokatisha makorongo; mvua inyeshe mbali, maji yanakuja hapa kukiwa na jua.

La mwisho ni Jumatatu. Magari 25 yakipita mara mbili huacha mifereji kwenye kila kona, na mvua ya kwanza inaifanya kuwa korongo. Mwandaaji aweke dhamana ya fedha kabla, ya greda na shindilia, kwa makadirio ya mhandisi wa TARURA. Barabara ipigwe picha kila kona kabla na baada. Dawati la malalamiko likae ofisi ya kijiji siku tatu, kwa ajili ya uzio uliovunjwa, kuku, mbuzi na mazao, na dhamana isirudishwe mpaka mtendaji wa kila kijiji ametia saini.

Tunaomba maombi ya kibali yafike kwako angalau siku 90 kabla, yakiwa na orodha ya mapenyo, majina ya wasimamizi na ratiba ya kufunga kwa dakika. Tuko tayari kuipita njia kwa miguu pamoja na maofisa wako, wilaya yoyote, siku watakayoitaja.

Wako katika ujenzi wa mchezo huu,

Wasimamizi wa njia, wakaguzi, wasoma ramani na mafundi wa mbio za magari
Dodoma