Kwa wanagenzi wa Matondoni mlioacha tezo

Wanangu,

Asalaam aleikum. Juzi nilipita bandani tunapoundia majahazi nikakuta tezo mbili, zile za kuchongea mbao, zimeanza kushika kutu. Za nani najua, sisemi. Mwenye moja aliniuliza kabla hajaondoka: "Mzee, miezi minane nasokota pamba tu, jahazi nitalijenga lini?" Sikumjibu siku ile. Nawajibu nyote leo, na nyinyi mlioko kwenye bodaboda mjini.

Mimi pamba niliisokota na kuichovya mafuta miaka miwili kabla ya kushikishwa chembeu, patasi ya kupigilia pamba. Kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao kwa pamba, hudharauliwa kwa kuwa haionekani. Chombo kikishapakwa mafuta ya shahamu, nani atachungulia maungio ya mbao? Maji ndiyo huchungulia. Mashua ya kwanza niliyoikalafati peke yangu ilirudi siku ya tatu, mabaharia wamefua maji tangu kisiwa cha Manda, na nahodha akanitukana mbele ya watu. Fundi aliyenifunza hakunitetea. Aliniambia niitoe pamba yote nianze upya, na safari hii nisikilize.

Nisikilize nini? Nilidhani uzee umemwingia. Kumbe pamba ambayo haijashiba hupokea nyundo kwa sauti nzito, kama unapiga godoro. Ikishiba, ubao hulia mkavu. Sikio langu lilichukua karibu miaka mitano kuzitenga sauti hizo mbili. Siku lilipozitenga nilikuwa peke yangu chini ya jahazi, saa nane ya jua kali, nikacheka kama mwendawazimu. Furaha ile hata harusini sikuipata (mama yenu asisomewe hapa).

Kuhusu pesa sitawadanganya: si nyingi, na mbao nzuri ni adimu. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lianze kazi mwaka 2021, macho yenu yako huko. Siwalaumu. Anayechomelea vyuma naye ana sauti yake ya kuisubiri, na nikisikia mmoja wenu amekaa huko miaka kumi nitafurahi. Kinachonitia uchungu ni yule aliyeacha tezo kwa pikipiki, pikipiki kwa kuuza simu, na sasa simu nazo kazichoka. Kila pahali ameondoka akiwa bado anasokota pamba.

Jumamosi tunapindua mashua ufukweni, ubavu wa kushoto unavuja. Mimi nitakuwepo baada ya alfajiri. Zile tezo mbili nimezipaka mafuta.