Usimuulize mzee mwaka

Mhariri,

Historia nyingi za vijiji huharibikia kwenye swali la kwanza: "Kijiji hiki kilianza mwaka gani?" Mzee, kwa heshima ya mgeni, hutaja mwaka wowote, nao ukishachapwa kila mwandishi anayefuata huunakili.

Uliza alikuwa na umri wa kufanya nini. Kisima kilipochimbwa, bibi alikuwa ameshaolewa? Kifungua mimba wake alikuwa akitambaa au akikimbia? Huyo mtoto huenda ana cheti cha kuzaliwa, na hapo mwaka unapatikana kwa kukosea mmoja au miwili tu. Kwa mambo ya mababu, shika tukio lililogusa dunia, kama homa kuu ya 1918. Mchana uliogeuka usiku ni bora zaidi: jua hupatwa lote mahali pamoja kwa wastani wa mara moja katika miaka 375 hivi, na wanafalaki hukokotoa siku na saa yake. Ila hakikisha nyota zilionekana. Jua kumegwa upande ni jambo la mara kwa mara, litakupoteza.

Hoji mmoja mmoja. Ukiwakusanya, msemaji hodari huzungumza na wengine huitikia, kisha unaandika kumbukumbu moja ukidhani ni kumi. Wanawake waulize pia nani alitoka wapi na aliolewa na nani. Wanaume wengi hukumbuka viongozi tu, ndiyo maana vijitabu vya historia za vijiji husomeka kama orodha ya vyeo. Tembea nao hadi makaburini na kwenye njia iliyokufa, maana mahali hukumbusha yaliyosahaulika kitini.

Mahali penye mgogoro wa mpaka, tahadhari. Kila ukoo utajitangaza kuwa wa kwanza kufyeka pori. Andika kauli zote, kila moja na mwenyewe, usiamue.

Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuiandika, kwa hiyo usirekodi zaidi ya unavyoweza kunakili wiki hiyohiyo. Picha za zamani ziandikwe majina nyuma kwa penseli laini, kuanzia kushoto; wino hupenya. Selotepu isiziguse kabisa, gundi yake hugeuka njano na kuchuna picha. Nakala ziwe tatu, na moja ikae nje ya kijiji.

Msomaji wenu