Niliandika mishahara miwili ya mtu mmoja

Mhariri,

Kila Mei Mosi mabango ni yale yale: kima cha chini, kima cha chini. Naomba nafasi niseme habari ya jirani yake kima cha chini, yaani mshahara ulioandikwa na mshahara uliopokewa, maana kwa miaka 16 niliandika yote miwili kwa mkono huu huu. Nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kidogo Vingunguti. Wafanyakazi waliniita Mama Slipu. Jina la kiwanda nalihifadhi, kwa sababu sidhani kama kilikuwa peke yake.

Kabatini kulikuwa na mafaili mawili. La kijani lilikuwa la serikali: TRA wa kodi, NSSF wa mafao ya uzeeni, WCF wa fidia ya wanaoumia kazini, na mkaguzi yeyote atakayegonga geti. La bluu lilikuwa letu. Chukua fundi mashine mmoja. Kwenye la bluu alikuwa analipwa 520,000 kwa mwezi. Kwenye la kijani, 300,000.

Hiyo 300,000 hatukuiokota barabarani. Toa asilimia 10 ya NSSF, yaani 30,000, zinabaki 270,000, na kodi ya mshahara inaanza juu ya 270,000. Kodi hiyo, PAYE, sifuri. Zile 220,000 nyingine zilikuja kwenye bahasha, na miaka ya mwisho zikawa zinatumwa kwa simu kutoka laini ya bosi mwenyewe. Slipu aliyopewa ilikuwa safi kabisa, makato yamekaa mahali pake, mhuri umewekwa. Ubaya wake aliuona siku alipoipeleka benki kuombea mkopo wa kumalizia nyumba Chanika.

Sitasema watu walikuwa wanalia. Walifurahi. Kama 520,000 zote zingeandikwa, NSSF ingekata 52,000, PAYE 15,840, akaondoka na 452,160. Kwa mtindo wetu aliondoka na 490,000. Karibu 38,000 zaidi, na kwa mtu anayepanda daladala mbili kutoka Gongo la Mboto hizo si hela za kudharau. Msimamizi mmoja wa zamu aliwahi kuniambia, "Mama, mimi nipe changu sasa hivi, uzeeni nitakuwa Mkuranga nalima mihogo." Tukacheka wote wawili.

Lakini ziangalie vizuri hizo 38,000. Elfu 22 kati yake ni akiba yake mwenyewe, ambayo ilitakiwa iende NSSF, amepewa aile mapema. Zilizobaki ni kodi. Bosi hakumwongezea hata senti. Yeye alitakiwa kuweka asilimia 10 yake, 52,000. Akaweka 30,000, na 22,000 zikabaki kwake, pamoja na nafuu ya SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, na ya WCF, ambazo nazo hukokotolewa kwenye mishahara hiyo hiyo. Kwa hiyo akaunti ya yule fundi ilikosa 44,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 12, kisha kwa miaka 10: 5,280,000. Mihogo ya Mkuranga ni mingi, lakini sijui kama inafika huko.

Amri mpya ya Mishahara, ile inayopanga kima cha chini, ilipoanza Januari 2023, tulikaa na bosi jioni moja tukahamisha namba. Waliokuwa chini ya kima kipya niliwapandisha kwenye la kijani, nikapunguza bahasha kiasi kile kile. Makato yakaongezeka kidogo, hivyo mkononi wakapata pungufu. Wakaja dirishani kuuliza, mbona nyongeza ya serikali imewapunguzia hela? Nikawaambia ni mambo ya kodi.

Vibarua wa kupakia mzigo siwagusi sana, kwa sababu wao walikuwa na karatasi moja tu. Walisaini 12,000 kwa siku, wakapewa 8,000. Karatasi ilikuwa inafunikwa kwa kalenda ya ukutani, inaachwa wazi sehemu ya saini peke yake.

Ninalolikumbuka zaidi ni la kijana aliyekatwa vidole viwili na mashine. Fidia ilitoka. WCF sina la kuwalaumu, walikokotoa kwenye mshahara walioujua. Mama yake alikuja ofisini, amevaa kitenge cha kutokea, karatasi ameikunja mara nne, akauliza mbona ni ndogo hivi, mwanangu si alikuwa anatuma nyumbani zaidi ya hizo? Nikamjibu, "Mama, ndivyo ilivyoandikwa."

Wakaguzi walikuja, nisiwasingizie. Walikuja mchana, wakakalishwa chumba chenye feni, wakaletewa soda na faili la kijani. Namba za NSSF zilifanana na za TRA, na za TRA zikafanana na za WCF. Zisingeachaje kufanana, wakati zote zimetoka kalamu moja? Ombi langu kwa wanaohusika ni hilo tu: msilinganishe karatasi zetu na karatasi zetu. Simameni nje ya geti jioni zamu inapotoka, muulize watu kumi, bosi hayupo, mwezi uliopita ulipokea ngapi.

Na wewe mfanyakazi unayesoma hapa, nenda NSSF kaombe taarifa ya michango yako, uone unajulikana kwa mshahara gani. Zile meseji za hela za nyongeza usizifute kwa sababu simu imejaa. Ukifika siku ya kwenda CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, hizo ndizo zitakazosema kwa niaba yako, kwa kuwa slipu itasema kwa niaba ya bosi wako.

Mimi mwenyewe niliondoka mwaka 2024 nikiwa na miaka 55. Tumepigana sana nchi hii kuhusu kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya uzeeni, mkupuo wa kwanza uwe asilimia 25 au asilimia 33, na nilikuwa mmoja wa wapiga kelele. Kumbe mafao yanaangalia wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu, na yangu bora kwenye la kijani ilikuwa 350,000, wakati la bluu lilisoma 650,000. Jina langu nililiandika mwenyewe, mwandiko ni wangu.

Siku ya kukabidhi ofisi nilimpa funguo za kabati binti aliyenirithi, mtoto wa chuo, mpole. Akatoa mafaili yote mawili, akayaweka mezani, akaniuliza, "Mama, lipi ndilo la ukweli?" Nikamwambia amuulize bosi.

Jina langu lihifadhiwe,
Mbagala Kizuiani, Dar es Salaam.