Mwanangu, vyuma hivyo vinatoka wapi?

Mwanangu,

Mama yako ameniambia unaondoka Jumatatu, umepata kazi ya utingo kwenye lori la vyuma chakavu, Voi mpaka Mombasa. Nimefurahi, nawe hujawahi kuogopa kazi. Ila ulimwambia yeye peke yake, na mimi nilikuwa hapo uani nachonga mpini. Juzi redioni wametaja vijana walioshikwa na vipande vya reli chini ya magunia. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Vyuma mtakavyopakia vitatoka wapi?

Najua utaniambia reli ya Maktau haina kazi tena. Stesheni yenyewe unaijua, sina haja ya kukueleza. Usichokijua ni namna ilivyofika pale. Reli hiyo ililetwa na vita. Mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi, na mafundi wa jeshi la India. Katikati ya 1915 walikuwa Maktau. Mwaka 1916 ikapita Taveta, ikaungana na reli ya Wajerumani pale Kahe. Makaburi ya askari Wahindi yapo Maktau hadi leo. Wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita hivyo wengi hawakuwekewa hata jiwe. Baada ya vita ndipo ikaja zamu ya katani na kahawa. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na safari za Moshi zikakatika. Reli ilianza kunyauka hapo, wala si kwa uzembe wetu sisi wa gangi ya kutunza reli.

Mimi nilitembea juu yake kila alfajiri na nyundo begani. Ukigonga taruma la chuma, lile linalolaliwa na reli, likiwa limekaa vizuri, linajibu kwa sauti nzito, fupi. Likilia kama sufuria tupu, ujue kokoto zimetoka chini yake, na hapo huondoki mpaka ushindilie. Chuma kile nakijua kwa sauti. Ndiyo maana nauliza, na nitauliza tena: vinatoka wapi?

Tajiri wako ana leseni? Sheria ya 2015 inamtaka awe nayo. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa muda nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa mali ya umma. Mwenye yadi ana wakili, utingo hana. Ukiona chuma kimekatwa kwa moto na ncha bado zinang'aa, shuka. Hata kama ni usiku, hata kama hujalipwa, shuka, nitakutumia nauli. Na usinywe chai ya njiani usiyoiona ikichemka, tumbo lako tunalijua.

Halafu yale mataruma mawili ya mlango wa zizi. Hakuna aliyenipa. Yalikuwa yamelala majanini nyuma ya stesheni, nikajisemea hayana mwenyewe. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ulishika upande mwepesi ukaniuliza ni ya nani. Nilikuambia nyamaza, tembea. Nimekuwa nikilifikiria jibu hilo wiki hii yote.

Nimeyang'oa jana. Nitayarudisha nilikoyatoa, hata kama yataota kutu. Mlango sasa umefungwa kwa kamba, na mbuzi mweusi amezaa pacha, wanapenya kama maji. Ndovu nao walipita Jumapili, wakaangusha tangi, lakini mahindi ya upande wa mama yako yamesalimika. Fundi anataka pesa ya bomba, usihangaike nayo, nitauza jogoo.

Ukipita Voi ninunulie bawaba mbili za zizi. Ziwe mpya, za dukani, na uje na risiti.

Baba yako